Zaireeka: namna ya kucheza albamu ya CD nne kwa mkupuo bila kuwachosha wageni wako

Malalamiko hunijia kwa sura ileile. Mtu amehangaika mpaka amepata CD zote nne, ameazima redio kwa jirani na sabufa kwa shemeji, amewaita watu. Wamehesabu moja, mbili, tatu, wamebonyeza, na sebule imegeuka stendi ya mabasi alfajiri. Wanarudia. Wanarudia tena. Jaribio la nne linawakuta wageni wameshatoa simu zao mfukoni. Kesho yake ananiandikia: "Hivi hii albamu ni utani?"

Utani upo, sikatai. The Flaming Lips, bendi ya roki kutoka Oklahoma City, Marekani, waliitoa Oktoba 1997 wakijua wanachokifanya: nyimbo 8, jumla kama dakika 45, zilizogawanywa kwenye CD nne ambazo zinatakiwa kulia kwa wakati mmoja kwenye mashine nne. Kila CD ina nyimbo hizohizo 8, ila hakuna iliyobeba wimbo mzima. Sehemu nyingine za kila wimbo zimebaki kwenye CD tatu zilizosalia.

Lakini nimeshakaa na makundi kadhaa yaliyoshindwa, na bendi haihusiki. Wote hukosea sehemu mbili. Kwanza, wanaanzia mashine ikiwa imesimama kabisa. Pili, wanataka mwanzo mmoja uwabebe mpaka wimbo wa nane. Rekebisha hayo mawili, kazi kubwa imekwisha. Yaliyobaki ni maandalizi.

## Vitu vya kuwa navyo

- CD zote nne. Ukinunua za mitumba, fungua kasha uhesabu kabla hujalipa. (Mwaka 2013 albamu ilitoka pia kwa santuri nne. Sikushauri kuanza na hizo: kushusha sindano nne kwa pamoja ni kazi ya watu waliozoea.)
- Mashine nne zinazosoma CD: redio ya CD, deki ya DVD, kompyuta yenye sehemu ya diski, chochote. Si lazima zifanane.
- Spika za kila mashine. Redio ina zake. Deki itahitaji sabufa au spika za kompyuta, na waya.
- Watu wanne, mmoja kwa kila mashine. Wa tano akiwepo wa kuhesabu, bora zaidi.
- CD tupu nne za kujaribia, utakazochoma wimbo mmoja uleule zote, au flashi nne kama mashine zako zote zinasoma flashi.
- Kalamu ya wino mzito, utepe wa gundi wa karatasi, kitambaa laini.
- Waya wa ekstensheni wenye matundu ya kutosha. Sabufa nne za kawaida za nyumbani za wati 60 zinafika wati 240, zaidi kidogo ya ampia 1 kwenye umeme wa volti 230. Haitishi. Kinachotisha ni mtu kuchomeka birika la umeme kwenye ekstensheni hiyohiyo katikati ya wimbo wa nne.

Tenga saa mbili na nusu. Dakika 45 za muziki, zilizobaki za kuhangaika.

## Hatua ya 1: Zipe namba na uzisafishe

Andika 1, 2, 3 na 4 kwenye vipande vya karatasi, ubandike kimoja juu ya kila mashine. CD namba 1 inaingia mashine namba 1, na mtu wake anaitwa Moja mpaka mwisho wa jioni. Unacheka, lakini subiri gizani mtu aanze kuuliza "hii yangu ni ipi?"

Futa kila CD kwa kitambaa, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kitambaa. Mchubuko unaokata njia ya kusoma kwa upana, mashine hujua kuufidia. Mchubuko unaofuata njia hiyo hula data mfululizo, na hapo ndipo CD huanza kurukaruka. CD ya kawaida ikiruka unavumilia. Hapa, moja ikiruka hata mara moja imeshawaacha wenzake na haitarudi yenyewe.

Kisha cheza kila CD peke yake, nusu dakika ya kila wimbo, ukipita nyimbo zote 8. Itasikika kama kitu kilichokatwakatwa. Ndivyo ilivyo. Unachotafuta ni kimoja tu: kwamba haikwami popote.

## Hatua ya 2: Panga spika

Kona nne, watu katikati. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha kabisa.

Spika zitazame katikati ya chumba, na umbali kutoka kwenye kiti cha katikati hadi kila kona ukaribiane. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita inaongeza takriban sekunde 0.003. Tofauti ya mita moja hutaihisi. Lakini ukiweka mashine moja sebuleni na nyingine kule jikoni mita 12 mbali, umeshajitengenezea ucheleweshaji hata kabla hamjabonyeza.

Zitoe ukutani angalau kwa urefu wa mkono. Spika iliyobanwa konani hutoa besi nzito ya uongo, nawe una kona nne zote zenye spika. Vyumba vya dari ya bati na sakafu ya saruji vinahitaji msaada zaidi: tandika mkeka au zulia, fungua mapazia yaanguke. Mwangwi wa chumba ukiwa mkubwa hutajua ni mashine zinazopishana au ni kuta.

Usizisogeze zote upande mmoja kama jukwaa la harusi. Albamu hii imetengenezwa ili sauti ikupite kutoka nyuma. Ukiweka spika zote mbele, umejisumbua bure.

## Hatua ya 3: Sawazisha nguvu za sauti

Hapa ndipo sabufa ya shemeji inaua redio ya bibi.

Tumia wimbo mmoja uleule unaoujua vizuri, ule uliouweka kwenye zile CD tupu nne. Chagua wenye mdundo wa wazi tangu sekunde ya kwanza. Utauhitaji tena hatua inayofuata. Anza na mashine dhaifu kuliko zote. Iongeze mpaka karibu na pale inapoanza kukwaruza, rudisha kidogo, na hapo ndipo kipimo cha wote. Kisha cheza moja baada ya nyingine, wewe ukiwa katikati, ukishusha zenye nguvu zifikie ile dhaifu. Besi ya sabufa ipunguze zaidi ya unavyopenda. Ukimaliza, bandika utepe wa gundi juu ya kitufe cha sauti. Vijana wana mikono.

Umefaulu ukifumba macho katikati ya chumba, zote nne zikilia, na usiweze kunyoosha kidole kusema "hii ndiyo kubwa."

## Hatua ya 4: Mjue mvivu kabla hajakuaibisha

Watu huruka hatua hii. Kisha wananiandikia.

Mashine ya CD iliyosimama ikiamriwa kuanza, inafanya mambo mengi kwanza: inazungusha diski, inatafuta mwanzo, inasoma orodha ya nyimbo, ndipo itoe sauti. Moja huchukua sekunde mbili, nyingine tano, na deki ya DVD inaweza kukaa hapo ikikuonyesha picha ya kampuni yake kwanza. Mkibonyeza kwa pamoja kutoka hali hiyo, vidole vyenu vinaweza kuwa sahihi kabisa na sauti zikaachana kwa sekunde tatu.

Dawa ni kile kitufe cha vijiti viwili vilivyosimama, cha kusitisha. Cheza, na sauti ikianza tu, bonyeza vijiti viwili. Kisha bonyeza kile cha kurudi mwanzo wa wimbo. Mashine nyingi hapo hubaki zimesubiri kwenye sekunde ya sifuri, diski ikiendelea kuzunguka ndani. Baadhi hazisubiri, zinaanza kucheza zenyewe ukirudi mwanzo. Hizo, bonyeza kurudi na hapohapo vijiti viwili, mara mbili tatu, mpaka namba isome 0:00. Ifanyie kila mashine jaribio hili leo. Usiligundue mbele ya wageni.

Deki ya DVD isiyo na kioo cha namba lazima iunganishwe na runinga, la sivyo mwendeshaji wake ni kipofu.

Sasa pima uvivu. Weka zile CD nne za wimbo mmoja, zote zikiwa zimesitishwa mwanzoni. Achieni kwa pamoja, mkisikiliza mdundo wa kwanza. Zote zikiangukia mahali pamoja, shukuruni. Kwa kawaida moja itakuja nyuma: du-dum badala ya dum. Ijaribu mashine mbilimbili mpaka umjue mvivu, kisha mwendeshaji wake ajifunze kutangulia kidogo. Mara tano au sita zinatosha kidole kuzoea.

Kipimo ni hiki. Sauti mbili zinazofanana zikiachana chini ya takriban sekunde 0.03, sikio linazihesabu kuwa moja, nene zaidi. Zikizidi kama sekunde 0.05, unaanza kusikia mwangwi. Lengo lenu ni kubaki chini ya hapo. Sifuri haipo na hamuihitaji: albamu ilitungwa ikijua kwamba mashine nne hazitakubaliana, na kila mara mtakapoicheza itatoka tofauti kidogo.

## Hatua ya 5: Kuanza

Kabla ya kuhesabu, kubalianeni jambo moja kwa maneno: mnabonyeza *kwenye* nne, si baada ya nne. Nusu ya vurugu nilizoziona zilitokana na hilo. Watu wawili walibonyeza kwenye neno la mwisho, wawili wakasubiri liishe.

Msitumie kofi la kushtukiza wala "haya!" Mtu akishtuliwa huchukua karibu robo sekunde kuitikia, na kila mtu ana robo yake. Hesabu yenye mdundo ni kitu kingine, kwa sababu kidole kinajua nne itaanguka wapi kabla haijaanguka. Mwenye kuhesabu agonge mguu, aende taratibu na sawasawa, hesabu nzima mara mbili: ya kwanza ya kusikiliza, ya pili ya kubonyeza. Aliyewahi kuimba kwaya au kupiga ngoma ndiye apewe kazi hii, hata kama ni mdogo kuliko wote.

Wayne Coyne, mwimbaji wa bendi, alifanya hivi kwa watu wengi zaidi. Mwaka 1996 aligawa kaseti kwa wenye magari kwenye maegesho huko Oklahoma City, akawaongoza kuzibonyeza kwa pamoja, milango ya magari ikiwa wazi. Albamu ilizaliwa na majaribio hayo. Ikiwa yeye aliweza na madereva, wewe utaweza na mashemeji.

Fanyeni mazoezi kwa wimbo wa kwanza, *Okay I'll Admit That I Really Don't Understand*. Hauzidi dakika 3, na jina lake linakiri kwamba mwimbaji haelewi kinachoendelea. Mko wengi.

Mtajua mmefaulu kwa ishara moja: chumba kinapanuka. Mkikosea, mnasikia redio nne. Mkipatia, redio zinatoweka, na muziki unakuwa hewani kati yenu. Wapya hugeuza shingo kutafuta aliyeingia. Mkisikia redio nne baada ya sekunde 15, simamisheni, rudini mwanzo. Msijifariji kwamba "itajipanga mbele." Haijipangi.

## Hatua ya 6: Simama kila wimbo unapoisha

Kila mashine inafuata saa yake ndogo ya ndani, na hakuna saa mbili zinazofanana kabisa. Chukua tofauti ndogo tu, sehemu 1 katika 10,000. Wimbo wa nne una zaidi ya dakika 10. Mkiufikisha mwisho, mashine hizo mbili zimeachana kwa sekunde 0.06, yaani mwangwi umeanza. Mkiziacha zitiririke dakika zote 45, ni sekunde 0.27. Hapo hata asiyejua muziki atakunja uso.

Kwa hiyo msiziache. Namba ya wimbo mpya ikitokea, kila mtu abonyeze vijiti viwili, arudi mwanzo, asubiri. Mhesabuji awaulize mmoja mmoja: Moja? Mbili? Tatu? Nne? Wote wakiitikia, anahesabu upya. Ni mara nane kwa albamu nzima, na kwa mara ya tatu mtakuwa mnafanya kwa sekunde 10.

Wapo wanaoona hili linakata utamu. Mimi naona kinyume: hicho kimya kifupi, watu wanne wameinamia mashine wakitazamana, ndicho kinachoifanya isiwe tu kusikiliza. Wimbo wa saba, *March of the Rotten Vegetables*, ukianza vizuri baada ya kimya hicho, ngoma zake zinazunguka chumba kizima. Ukianza vibaya ni masufuria yaliyoanguka.

Msiguse chochote wimbo ukishaanza. Kuna mtu ataona yake imechelewa kidogo na kujaribu kuisogeza kwa kitufe cha kwenda mbele. Mzuieni.

## Onyo la wimbo wa sita

Kasha lenyewe la albamu linaonya kwamba kuna sauti za masafa yasiyo ya kawaida, na kwamba mara chache zimewahi kumfanya msikilizaji apoteze mwelekeo. Nyingi za aina hiyo ziko kwenye wimbo wa sita: nyembamba mno na nzito mno. Chukulia onyo hilo kwa uzito.

Shusha sauti kabla ya kuuanza. Mpeleke mtoto mchanga chumba kingine. Mtu mwenye masikio yanayovuma, au aliye katika siku ya kipandauso, aruhusiwe kutoka bila kutaniwa. Na mtu asithubutu kuicheza akiwa anaendesha gari. Mbwa wa jirani akilalamika, ana haki.

## Ukiwa huna mashine nne

Kasha linasema *hadi* mashine nne. Mbili zinaruhusiwa, na kwa CD nne unapata jozi 6 tofauti. Ukihesabu mpangilio wote, moja-moja, mbili-mbili, tatu-tatu na zote, ni njia 15 za kuisikia albamu moja. Kwa wanaoanza, ninawashauri mashine mbili jioni ya kwanza. Ukishindwa kuoanisha mbili, ya tatu haitakusaidia.

Simu nazo zinafaa, kwa masharti. Nakili CD zako kwenye kompyuta moja, kwa programu moja, kwa mpangilio mmoja. Kugeuza kuwa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, na programu tofauti huongeza kiasi tofauti. Ukitumia faili zisizobanwa, tatizo hilo halipo. Zima kipengele cha kuchanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Weka simu zote kwenye hali ya ndegeni. Nimewahi kusikia wimbo wa tatu, ule wa rubani aliyekata tamaa futi elfu thelathini na tano angani, ukikatwa na mlio wa ujumbe wa muamala. Tulicheka, lakini tulianza upya.

Kuhusu Bluetooth: hapana. Inaweza kuchelewesha sauti kwa sekunde 0.1 hadi 0.3, na kila spika inachelewesha kivyake. Zikiwa zote nne za aina moja unaweza kubahatisha. Moja ya waya na nyingine ya Bluetooth, umeshindwa kabla ya kuanza. Tafuta waya wa pini ndogo, bei yake haizidi soda chache.

Na kuna wajanja wanaoziunganisha zote nne kwenye kompyuta kuwa faili moja ya spika mbili, wasikilize kwa visikilizio. Kitaalamu inawezekana, na zitaenda sawa kabisa. Nimeisikia. Ni albamu nzuri ya kawaida, ila ile kazi ya kugeuza shingo imekufa.

## Matatizo ya njiani

Rimoti moja inaamuru mashine mbili. Hutokea deki zikiwa za kampuni moja. Badala ya kuipiga vita, itumie: ziweke kona za upande mmoja, mtu mmoja aziachie zote kwa mbonyezo mmoja. Umepunguza vidole.

Mvumo mzito usioisha. Kwa kawaida ni waya wa sauti uliolazwa juu ya waya wa umeme. Utenganishe. Jenereta ikiwa ndiyo chanzo, subiri umeme urudi.

Umeme umekatika katikati. Mashine zikiwaka upya zitasahau zilipokuwa. Rudini mwanzo wa wimbo mliokuwa mnausikiliza, si mwanzo wa albamu.

"Mbona jina lina Zaire?" Hili wenzetu wa Lubumbashi na Bukavu huliuliza kabla hata ya redio. Ni Zaire na "eureka", neno la Kigiriki la mtu aliyegundua jambo, yaani vurugu na ugunduzi kwa pamoja. Nchi yenyewe ilikuwa imeacha jina hilo Mei 1997, miezi mitano kabla albamu haijatoka. Ukiwa na wageni Wakongo, jiandae kwa mjadala mrefu; panga uwe baada ya wimbo wa nane.

## Hatua ya 7: Kufunga

Wimbo wa mwisho ni hadithi ya kusimuliwa, kuhusu mbwa na midoli yao, na unaisha kwa mbwa wengi wanaobweka kutoka kona zote. Hapo, kama hatua zote zilikwenda sawa, mbwa wa mtaa wataitikia. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha mwisho cha mpangilio wa spika: wa kwetu hawakuitikia mpaka nilipogeuza spika ya dirishani.

Siku nyingine badilisheni kona, CD 1 iende alipokuwa 3. Chumba kitageuka.

Kabla hujarudisha mashine za watu, fungua kila moja utoe CD, uziweke mezani, uzihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ya kwangu namba 3 ilikaa wiki sita ndani ya redio ya jirani, naye akidhani ni redio yake iliyoharibika.